Wageni kutoka Bonde la Kitani

Nilipokuwa na miaka ishirini na tatu, kanisa letu lilinichagua kwenda kukaa mwaka mmoja katika kijiji cha milimani ambako watu wanazungumza Kijerumani. Ulikuwa mpango wa vijana wa kujitolea: wao wanatuma mmoja kwetu, sisi tunatuma mmoja kwao. Kule nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Niliwasukuma wazee kwenye viti vya magurudumu, niliwakatia mkate vipande vidogo, na mchana niliketi nao wakanifundisha karata zao, ambazo mpaka leo sijazielewa vizuri.

Nililala nyumbani kwa mume na mke ambao watoto wao walikuwa wameshakua. Mume alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu wa maneno machache. Mke alikuwa karani katika ofisi ya manispaa ya kijiji, na maneno yake yaliwatosha wote wawili. Mwezi wa pili nilianza kuwaita baba na mama. Niliporudi Bariadi ikabidi niwatofautishe na wazazi wangu, basi nikawa nasema baba wa kule na mama wa kule, na nyumbani kwetu kila mtu akawaita hivyohivyo.

Nilidhani nikirudi baba yangu ataniuliza habari za ndege na theluji. Hakuuliza. Tulikuwa shambani tunapalilia pamba, mimi nina siku tatu tu tangu nifike, akaniuliza, "Udongo wao ni mweusi au ni wa kichanga?"

"Ni mwembamba, baba. Ukipiga jembe mara mbili unagonga mwamba."

"Sasa wanalima nini?"

"Hawalimi. Wanaotesha nyasi."

Akasimamisha jembe. "Wanaotesha nyasi," alirudia, kama mtu anayeonja kitu. "Na mtu mzima anajiita mkulima."

Kuanzia siku hiyo kila tulipokuwa pamoja alikuwa na swali. Mto wao unatoka wapi, unakauka lini? Nikamwambia haukauki. Ng'ombe wanakwenda wapi wakati wa kiangazi? Nikamweleza kwamba kule kuna ngazi tatu: nyumba na mazizi viko chini kando ya mto, malisho ya kati yako mlimani, na malisho ya juu kabisa yako karibu na mawe matupu. Joto likianza wanapandisha ng'ombe hatua kwa hatua, na baridi ikianza wanawashusha hivyohivyo. Hilo lilimfurahisha, kwa sababu nasi tunayo ngitili, sehemu ya malisho tunayoifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate cha kula mambo yakiwa magumu. "Kumbe wana akili," alisema.

Kilichomshinda ni jua. Kijiji kile kimejibana katika bonde jembamba, na mlima wa kusini ni mrefu sana. Kuanzia katikati ya Novemba mpaka karibu mwisho wa Januari jua halifiki nyumbani. Unaliona juu, limepaka kilele rangi ya dhahabu, lakini chini mlipo ni kivuli kutwa nzima. Siku linaporudi, wanawake wanakaanga maandazi yao na watu wanatoka barabarani kuliangalia. Nilimweleza baba hayo mara tatu. Mara zote tatu alimgeukia mama na kusema, "Wiki kumi. Hebu fikiria," na mama alijibu, "Nafikiria."

Miaka sita ikapita. Nikawa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Bariadi, nikaolewa, nikajenga vyumba viwili upande wa mji. Siku moja nikiwa nasahihisha madaftari, simu ikaleta ujumbe wa sauti wa mama wa kule. Mume wake alikuwa amemkabidhi binti yao zizi. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini angeweza kuwa mbali na ng'ombe zaidi ya siku mbili. Yeye mwenyewe alikuwa amestaafu ukarani. "Nilimuuliza anataka kuona bahari au mji gani," alisema mama wa kule, "akajibu anataka kuona ng'ombe wa baba yako."

Walifika mwezi wa sita, pamba imefunguka shambani, nyeupe mpaka unapepesa macho. Niliwapokea uwanja wa ndege wa Mwanza, tukaja kwa gari dogo la kukodi. Tulipopita Mkula baba wa kule alimwomba dereva asimame. Alishuka, akavuka mtaro, akasimama akiangalia kundi la ng'ombe lililokuwa likila mabua ya mahindi. Alirudi baada ya robo saa.

"Anawahesabu?" dereva aliniuliza.

"Hapana. Anawaamkia."

Nyumbani kwa wazazi wangu, kijijini, tulifika saa kumi jioni. Mama wa kule alikuwa amejifunza salamu ya Kisukuma kutoka kwenye simu, na njia nzima alikuwa akiinong'ona. Mama yangu alipotoka nje akijifuta mikono kwenye kanga, mgeni akainama na kusema, "Mwangaluka, mayu." Hiyo ni salamu ya asubuhi, na mayu ni mama. Watu wote uani wakalitazama jua, lililokuwa tayari limeegemea magharibi. Mama hakusita. Alipiga goti kidogo, akaitikia, "Mhola," kama vile kulikuwa kumepambazuka muda huohuo, akamshika mkono akamwingiza ndani.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na kicheko cha baba yangu. Baba si mtu wa kucheka kwa sauti, kwa hiyo nilitoka mbio.

Baba wa kule alikuwa ameamka saa kumi na moja, saa aliyoamka maisha yake yote. Alikuwa ameingia zizini, akakuta ndoo, akachagua ng'ombe mwenye kiwele kizuri, akachuchumaa akaanza kukamua. Mikono yake ni mikubwa, ya mtu aliyekamua tangu utotoni kabla mashine hazijaja. Akakamua na kukamua. Hata tone. Ng'ombe alikuwa ameangalia mbele, anatafuna, hana habari naye. Alipozidi kumsumbua akainua mguu, akaipiga ndoo teke la pembeni, ikaviringika mpaka kwenye ua wa minyaa.

"Mwambie," baba alisema alipopata pumzi, "ndama yuko wapi?"

Nikatafsiri. Baba wa kule akauliza ndama anahusikaje.

"Mwambie ng'ombe huyu si bomba. Hatoi maziwa kwa mtu asiyemjua. Anatoa kwa mwanawe, na sisi tunaomba kidogo."

Baba akafungua kizizi cha ndama. Ndama akaja mbio, akapiga kiwele kwa kichwa, akanyonya mpaka povu likamtoka mdomoni. Kisha baba akamvuta, akamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake, akampa mgeni ndoo. Safari hii maziwa yalishuka. Baba wa kule alikamua kwa utulivu, kipaji cha uso kimeegemea ubavu wa ng'ombe, akapata lita moja na kitu.

"Hii tu?" aliniuliza kwa sauti ya chini, asije akamwaibisha mwenyeji.

Nilitafsiri hivyohivyo, maana baba hana aibu na ng'ombe wake. "Nyingine ni ya ndama," alisema. "Kwani kule ndama wanakula nini?"

Nilijua jibu, lakini niliona ni vizuri alisikie kutoka kwa mwenyewe. Baba wa kule akaeleza kwamba ndama hutengwa na mama yake mapema, mara nyingi siku aliyozaliwa, na wafugaji wengi huwapa maziwa ya unga.

"Anayanunua?"

"Ndiyo, anayanunua."

Baba alimtazama kwa huruma halisi. "Anauza maziwa," aliniambia, "halafu ananunua maziwa ya unga kumpa mwenye maziwa." Baba wa kule aliposikia tafsiri alifikiri, akaanza kutabasamu, na mwisho akacheka na yeye, wote wawili wamesimama katikati ya mavi ya ng'ombe, wameshikana mabega.

Tangu hapo hawakuhitaji sana mkalimani. Walizunguka siku nzima. Baba alimwonyesha udongo wetu: juu kichanga tunachokiita luseni, kinachofaa viazi na karanga, chini udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kukushika miguu masika. Baba wa kule aliutia udongo mweusi mfukoni, akaenda nao mpaka chumbani. Kwenye ngitili alikwenda kwa magoti, akazigawa nyasi kwa vidole, moja moja, na baba akamtajia jina la kila moja kwa Kisukuma. Baba wa kule aliyarudia yote vibaya.

Mama wa kule alikuwa na kazi yake. Alikuwa ameleta karatasi sita zilizochapwa, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji chetu alikuwa ameniambia watu watataka kusikia wageni wanatoka wapi. Mtu aliyekuwa karani miaka thelathini ukimwambia aeleze kwao, anaandika ripoti. Ilikuwa na vichwa vitatu: Mahali, Uchumi, Historia.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa ghala la ushirika ambako pamba hupimwa. Watu walikaa juu ya marobota, juu ya majembe ya kukokotwa, na chini kwenye kanga. Wakatoliki walikuja, Waprotestanti wakaja, na muuza duka mmoja Mwislamu alifunga duka lake kusudi, akaja na viti vya plastiki vya wageni. Mpango ulikuwa hivi: mama wa kule anasoma, mimi natafsiri kwa Kiswahili, na shangazi yangu, aliyetoka Shishiyu siku hiyohiyo, anawapa wazee kwa Kisukuma. Shangazi ana sauti ya kuongoza kwaya, na hakubali maneno yapite kwake bila kuyarekebisha.

Mama wa kule akaanza na mwinuko wa kijiji, upana wa bonde, na asilimia ya ardhi iliyo msitu. Nikatafsiri kwa uaminifu. Shangazi akawaambia wazee, "Kwao ni juu, ni pembamba, na miti ni mingi." Mama wa kule alinitazama.

"Amemaliza?"

"Amemaliza."

Aliendelea. Kijiji chao, alieleza, kilikuwa vitongoji vitatu vilivyogombana juu ya maji na malisho vizazi na vizazi, mpaka vikaamua kuwa manispaa moja. Mwenyekiti wa kijiji chetu akanyoosha mkono.

"Manispaa nzima? Kwa kijiji kimoja?"

"Ndiyo."

"Mna meya?"

"Tunaye. Ni fundi seremala. Jumanne na Alhamisi mchana yuko ofisini, siku nyingine yuko kwenye karakana yake."

Hilo lilipendwa sana. Mwenyekiti wetu mwenyewe alikuwa na biashara ya mkaa na mbao, na watu walimgeukia wakampongeza kana kwamba amepandishwa cheo.

Akaeleza uchumi. Maziwa, mbao, na wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Kisha akaweka karatasi kando akasema kweli: kwamba siku hizi watu wengi wanapanda gari asubuhi kwenda kufanya kazi viwandani kwenye mji wa chini, kwamba vijana wanaondoka, na kwamba shule ya msingi ina watoto wachache mpaka kila mwaka wanajadili kama ifungwe.

"Wachache kiasi gani?" aliuliza mwalimu mkuu wetu, mwanamke ambaye darasa lake la kwanza tu lilikuwa na watoto mia moja na ishirini.

"Ishirini na wawili. Shule nzima."

Mwalimu mkuu alifumba macho kidogo. "Mwambie asiifunge," alisema. "Nitamletea wengine."

Tukafika kwenye historia, na hapo ndipo nilipokosea. Nilijua neno la lile zao walilolima mababu zao, zao lenye ua la buluu na nyuzi ndani ya bua, ambalo nyuzi zake wanawake walizisokota na kuzifuma majira yote ya kivuli. Kwa Kiswahili ni kitani. Lakini nilisema haraka, na shangazi akasikia katani, yaani mkonge. Akawageukia wazee akatangaza kwa sauti ya huzuni kwamba babu na bibi za watu hawa walivaa mashati ya mkonge.

 Bibi mmoja aliyeketi mbele alijishika mgongo, akiliwazia shati hilo.

Nilipomweleza mama wa kule kilichotokea alicheka mpaka akaketi. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kitambaa kilichokunjwa. Kilikuwa shuka la bibi yake, lililofumwa nyumbani, rangi ya maziwa yaliyoganda. Akampa yule bibi wa mbele. Likapita mkono kwa mkono. Watu waliolima pamba maisha yao yote walilisugua kwenye shavu, walilivuta kupima nguvu, walilishika juani kuangalia nyuzi. Shangazi alilishika kwa muda mrefu kuliko wote. "Nilidanganya," aliwaambia wazee. "Hili ni laini."

Mama wa kule akaeleza wakiwa bado wanalishika. Bonde zima liliishi kwa kitani. Hapakuwa na msichana aliyeolewa bila sanduku la mashuka. Halafu ikaja pamba, nyuzi za bei rahisi kutoka ng'ambo na mashine za kuzisokota, na katika umri wa mtu mmoja kitani kikafa. Vitambaa havikuuzika. Watu walikuwa maskini kiasi kwamba kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka walivusha watoto wao milimani kwa miguu, wakawapeleka kwenye nchi ya mashamba makubwa wakachunge mifugo ya watu mpaka mavuno yaishe. Bibi wa bibi yake alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka minane. Ng'ombe wa maziwa walikuja baadaye, na barabara baadaye zaidi.

Mzee mmoja mwembamba, jirani yetu wa upande wa mto, akasimama. "Hiyo pamba iliyokiua kitani," aliuliza, "ilitoka wapi?"

"Amerika, Misri, Uhindi. Baadaye na huku kwenu."

"Babu yangu alisimulia kwamba alilimishwa pamba na Wadachi, hao Wajerumani, kwa kiboko. Ninyi mnasema lugha yao."

Nilitamani nisitafsiri, lakini nilitafsiri. Mama wa kule alijibu polepole, ili nisikose hata neno. "Lugha ni ileile. Dola ilikuwa nyingine. Lakini sitajificha nyuma ya mpaka. Pamba iliyolimwa hivyo ilipofika kwetu, nasi tuliivaa."

Mzee aliisikiliza tafsiri yangu, akaisikiliza na ya shangazi, ambayo safari hii haikuongezwa wala kupunguzwa. Akatikisa kichwa. "Babu hakuambiwa kwamba ng'ambo kuna mtu anaharibikiwa," alisema. "Basi pole, mayu. Pole kwa kitani."

Na watu wakasema pole. Si wote kwa pamoja, bali mmoja mmoja, kutoka kwenye marobota na kwenye kanga, kama wanavyosema msibani: pole, pole sana, pole mayu. Mama wa kule alijua neno hilo. Alisimama na karatasi zake mkononi, macho yamemjaa, akasema kwa Kiswahili, "Poleni ninyi." Hakurudi kwenye ripoti.

Sijawahi kufundisha kipindi cha jiografia kilichofika pale ulipofika mkutano ule.

Shangazi ndiye aliyetuokoa na machozi. "Sasa tuulize mambo ya maana," alisema. "Kule msichana anaolewa kwa ng'ombe wangapi?"

"Hakuna ng'ombe," nilijibu mwenyewe.

"Hata mmoja?"

Mama wa kule akaeleza tena habari ya sanduku la mashuka, kwamba bibi harusi ndiye aliyekwenda nalo kwa mume. Wanaume wakatazamana. Mmoja akaomba aelekezwe njia ya kwenda. Wanawake walianza kuzungumza wote kwa wakati mmoja, na ilichukua muda kabla mwenyekiti hajaweza kumwomba baba wa kule naye aseme neno.

Baba wa kule alisimama, akavua kofia. Alisema sentensi moja tu, "Nimekamua ng'ombe miaka arobaini, na wiki hii ng'ombe wa Bariadi amenifundisha kubisha hodi." Baba yangu alikuwa ameshalisambaza tukio la ndoo kijiji kizima, kwa hiyo sikumaliza kutafsiri. Walikuwa wanacheka kabla ya shangazi kufungua mdomo. Ngoma ikaletwa, na vijana wa bugobogobo wakacheza na majembe yao mpaka vumbi likafunika ghala.

Siku zilizobaki wageni walivuna pamba. Mama yangu na mama wa kule walishika mistari miwili inayopakana. Siku ya kwanza nilikaa katikati yao ili nitafsiri, nikaona nawachelewesha, nikaondoka. Niliporudi na maji ya kunywa walikuwa wanazungumza, mama kwa Kisukuma na mwenzake kwa lugha ya nyumbani ya bonde lao, ambayo si hata Kijerumani cha ofisini. Nilisimama nyuma yao nikisikiliza. Mama alikuwa anasimulia habari ya mtoto wake wa kwanza aliyefariki. Mama wa kule alikuwa anasimulia habari ya mama yake. Mmoja akinyamaza mwingine anaanza, na mikono haikuacha kuchuma.

Jioni ya mwisho kabla hawajaondoka tulikula uani, ugali wa mtama, mlenda, na kuku aliyechinjwa kwa heshima yao. Baba wa kule alimwambia baba kwamba sasa ni zamu yake, aje aone malisho ya juu. Baba alishukuru. "Wabeja," alisema, na akaanza kutaja sababu. Ng'ombe wawili wana mimba. Kuna dume analotaka kwenda kulinunua Mwandoya. Ngitili haiwezi kuachwa wakati jirani ana mbuzi wale wasiojua mpaka. Alikuwa anaendelea vizuri na sababu zake mama alipoweka sufuria chini.

"Mimi nitaenda," alisema.

Baba alidhani hakusikia. "Wewe?"

"Yeye hawezi kwa sababu ya ng'ombe. Mimi sina mimba wala sina mbuzi. Nitaenda."

Mama yangu alikuwa na miaka sitini na mmoja. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mwanza, hospitalini. Katika miaka yote baba alipokuwa akiniuliza maswali, yeye hakuwahi kuuliza hata moja. Nilidhani hapendezwi. Usiku ule nilipokuwa namsaidia kuosha vyombo aliniambia kwamba hakuuliza kwa sababu alitaka kuona mwenyewe, na ukishaambiwa kila kitu huoni tena.

Ilituchukua mwaka. Cheti chake cha kuzaliwa hakikuwepo, ikabidi tukitafute upya, na mashahidi waliojua kuzaliwa kwake walikuwa wawili tu, mmoja kiziwi. Alikwenda kote huko bila kulalamika, amevaa gauni lake la kanisani, chupa ya maji mkononi. Mwisho tulifika kwenye ofisi ya pasipoti hapa mjini. Kijana wa dirishani alikuwa mpole, akampa kiti.

"Kazi yako, mama?"

"Mkulima."

Akaandika. Mama akanyoosha shingo kuangalia. "Umeandika mkulima tu?"

"Ndiyo, mama."

"Wa pamba, mahindi, mpunga na dengu."

Kijana alinitazama. Nafasi kwenye fomu ilikuwa ndogo. "Mama, huku wanaandika neno moja."

"Ninapokwenda wanaotesha nyasi na wanaitwa wakulima," mama alisema. "Sitaki wachanganye."

Kijana alifikiri, akachukua kalamu, akaandika yote manne kwa herufi ndogo sana. Sidhani kama yalitoka kwenye pasipoti, lakini mama aliyaona yakiandikwa. Kisha akaulizwa sababu ya safari.

"Kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Rafiki yangu," alisema mama, na akaketi vizuri kwa ajili ya kupigwa picha.

Alikwenda mwezi wa kumi na mbili, alivyotaka mwenyewe, akiwa na koti langu la zamani na kilo tatu za michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Wenyeji walimsihi asubiri majira ya joto, maua yakiwa mlimani. Alikataa. Alisema maua ameshayaona. Alitaka kukaa kivulini, na kuwepo siku jua litakaporudi. Picha waliyotutumia baba ameiweka ukutani juu ya redio: wanawake wawili barabarani, theluji magotini, kila mmoja na andazi mkononi, nyuso zimeinuliwa, macho yamefumbwa.